Kitabu Kilichomaliziwa na Mwingine

Mwezi wa Januari 2003 kilitoka Marekani kitabu cha kumi cha mfululizo uitwao The Wheel of Time, na wasomaji wengi wakakasirika. Walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka miwili. Kitabu cha tisa kiliishia kwenye tendo kubwa la kutikisa dunia ya hadithi ile, na kila mtu alitaka kujua kilichofuata. Badala yake mwandishi alirudi nyuma akaeleza, kwa mamia ya kurasa, watu wengine walikuwa wapi na walikuwa wakifanya nini wakati tendo lile linatukia. Mwaka uliofuata akatoa kingine tena, nacho hakikusonga mbele hata hatua moja. Kilisimulia mambo yaliyotukia miaka ishirini kabla ya hadithi kuanza.

Nami nilikuwa miongoni mwa wenye hasira. Hicho cha kumi nilikipata mwaka 2005 kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta, Dar es Salaam, baada ya kuvisoma vile vya kwanza kwa kurukaruka, jinsi nilivyobahatika kuvipata. Nilikisoma nusu nikakiweka. Nikamwambia rafiki yangu wa kwaya kwamba yule mzee anavuta muda ili aendelee kuuza. Nililisema mara nyingi, na kwa raha.

Huyo “mzee” aliitwa James Oliver Rigney, ingawa majalada yanamwita Robert Jordan, jina lake la kalamu. Alizaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1948. Alipigana Vietnam mara mbili, akiwa mpiga bunduki kwenye helikopta. Aliporudi alisoma fizikia, akawa mhandisi wa nyuklia katika jeshi la wanamaji, kisha akaacha yote akawa mwandishi. Alikuwa Mwepiskopali, yaani Mwanglikana wa Marekani. Mkewe, Harriet McDougal, alikuwa mhariri wa vitabu kwa kazi yake, na ndiye aliyehariri kila kitabu cha mfululizo huu. Cha kwanza kilichapishwa mwaka 1990. Mwandishi alidhani hadithi itahitaji vitabu vichache tu; hatimaye vilifika 14, ukiacha kile cha habari za nyuma. Kwa jumla ni maneno zaidi ya milioni nne.

Na watu! Wenye majina wanazidi 2,000. Kuna wafalme na malkia, bila shaka, lakini pia kuna wenye nyumba za wageni, wafua vyuma, wauza farasi, askari ambao huwaoni ila ukurasa mmoja. Mwisho wa kila kitabu kuna faharasa ya kukusaidia, nayo haitoshi. Mimi nilitumia kauntabuku. Upande wa kushoto niliandika jina, upande wa kulia maneno mawili matatu: ni nani, nilimkuta wapi, ni wa upande gani. Kufikia kitabu cha sita kauntabuku lilikuwa karibu kujaa, nikaanza kuchagua nani wa kumwandika na nani wa kumpita.

Nieleze jambo moja kabla sijaendelea, maana najua litaulizwa. Mzee mmoja wa usharika aliniona nikisoma kwenye daladala, akalitazama jalada na mtu wake mwenye upanga, akaniambia, “Mwanangu, hayo si mambo ya uchawi?” Nilijibu haraka kwamba ni hadithi tu. Leo nisingejibu hivyo. Ndani ya vitabu vile wako wanawake na wanaume wanaotumia nguvu zisizo za kawaida, na mwandishi amechota kutoka dini nyingi, si yetu peke yake. Yupo Muumba, ambaye mwanzoni mwa vyote alimfunga yule mwovu, lakini baada ya hapo amekaa kimya. Na wakati ni gurudumu: zama saba zinazunguka, yaliyopita yatarudi, hakuna mwanzo wala mwisho. Mkristo hawezi kulikubali hilo. Sisi tunakiri kwamba wakati unakwenda mahali, na kwamba Bwana atakuja mara moja kwa wote. Mzee yule alikuwa na haki ya kuuliza, nami nilipaswa kumjibu kwa heshima zaidi. Hata hivyo, kilichonirudisha kwenye vitabu hivi si gurudumu. Ni namna vilivyomalizwa.

Kitabu cha kumi na moja kilitoka Oktoba 2005, na kile cha kumi na mbili, kwa ahadi ya mwandishi, kingekuwa cha mwisho, hata kiwe kinene kiasi gani. Machi 2006 alitangaza mwenyewe kwamba ana amiloidosisi ya moyo, ugonjwa adimu unaofanya kuta za moyo ziwe nene na ngumu. Alieleza kwamba hata kwa matibabu wagonjwa wengi huishi miaka michache tu, akaongeza kwamba yeye alikusudia kuishi mingi zaidi na kuandika. Alitibiwa katika hospitali ya Mayo Clinic. Tarehe 16 Septemba 2007 alifariki, akiwa na umri wa miaka 58.

Alipoona kwamba hatafika, alifanya jambo ambalo wenye vipaji wengi hawaliwezi: alianza kukabidhi. Aliwasimulia jamaa zake jinsi hadithi itakavyokwisha, kwa saa kadhaa, na mengine akayasema yakanaswa kwenye kinasa sauti. Onyesho la mwisho kabisa alikuwa ameshaliandika. Palikuwa pia na wasaidizi wake wawili, Maria Simons na Alan Romanczuk, waliozijua kumbukumbu zake, mafaili kwa mafaili ya maelezo: nani ni ndugu wa nani, mji upi una desturi gani, nani alisema nini katika kitabu cha tatu. Mtu ambaye mimi nilimwita mvuta muda alikuwa akitumia pumzi zake za mwisho kupanga vitu vyake ili mwingine avikute.

Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 28, Daudi anafanya vivyo hivyo. Hakuruhusiwa kujenga hekalu. Hakwenda kulala na uchungu wake; anamkabidhi Sulemani ramani ya ukumbi, ya hazina, ya vyumba vya juu na vya ndani, zamu za makuhani na Walawi, hata uzani wa dhahabu ya kila kinara na wa fedha ya kila meza. Nilipokuwa kijana niliiona sura ile ni ya kuchosha. Haikuwa imenipitia akilini kwamba yule ni mtu anayejua kuwa macho yake hayataiona nyumba yenyewe.

Harriet, mjane na mhariri, ndiye aliyebaki na mzigo wa kumtafuta Sulemani. Mwandishi kijana aitwaye Brandon Sanderson, aliyeanza kuusoma mfululizo akiwa bado mvulana, alikuwa ameandika maneno ya maombolezo kwenye tovuti yake. Harriet akaonyeshwa maneno hayo. Akasoma kitabu kimoja cha kijana huyo, akampigia simu, na Desemba 2007 uteuzi ukatangazwa. Sanderson ni Mmormoni, na aliyemwachia kazi alikuwa Mwepiskopali. Sijasoma popote kwamba hilo liliwazuia. Kile kitabu kimoja kilichoahidiwa kikawa vitatu: 2009, 2010, na cha mwisho Januari 2013.

Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Sanderson alisema wazi kwamba hatajaribu kuiga sauti ya marehemu, na msomaji anaisikia tofauti. Mmoja wa vijana watatu wakuu, Mat, mcheza kamari mwenye maneno mengi, katika kitabu cha 2009 anasikika kama mtu mwingine aliyeazima nguo zake. Mashabiki walilalamika, na Sanderson alikubali kwamba alimkosea. Katika kitabu kilichofuata Mat amerudi vizuri zaidi. Napenda kwamba alikubali. Kumaliza kazi ya aliyekutangulia bila kuharibu chochote ni jambo ambalo hata Sulemani hakuliweza.

Habari za kifo cha Rigney zilinifikia mwaka 2008, kwa bahati, kupitia kipande cha gazeti la zamani. Nilikaa kimya. Sikuwa na mtu wa kumwomba radhi. Yule rafiki wa kwaya niliyemwambia maneno yale alikuwa amehamia Mbeya. Nilimpigia simu nikamwambia kwamba nilikosea, naye akacheka kwanza, kisha akaacha. Nilichoweza kufanya ni kukirudia kitabu cha kumi tangu ukurasa wa kwanza.

Bado kinakwenda polepole, siwadanganyi. Lakini sasa niliona anachofanya: hakutaka tendo kubwa litukie halafu wale wengine wasiulizwe walikuwa wapi. Kitabu kile cha Mambo ya Nyakati, kabla hakijafika kwa Daudi na ramani zake, kinatumia sura tisa kwa majina matupu. Paulo naye hawezi kuifunga barua yake kwa Warumi bila kumtaja Febe, Prisila, Akila, mama yake Rufo na wengine wengi, na humo humo Tertio, aliyeshika kalamu, anapenyeza salamu zake mwenyewe.

Katika kitabu cha mwisho kuna sura moja tu yenye kurasa karibu 200, na yote ni vita. Wasioisoma wanisamehe kwa ninayoyafichua. Humo wanarudi watu niliokuwa nimewasahau. Yumo hata Bela, jike la farasi aliyekokota mkokoteni katika sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza. Na baragumu la kuwaita mashujaa waliokufa zamani, ambalo tangu mwanzo lilitafutwa na wakuu kwa wadogo, halipigwi na mfalme wala na shujaa yeyote kati ya wale watatu. Linapigwa na Olver, mtoto yatima mwenye masikio makubwa, aliyeokotwa njiani katikati ya mfululizo, akiwa peke yake, ameachwa na kila mtu, huku adui wakimtafuta.

Niliweka kitabu chini nikaenda kulitafuta lile kauntabuku. Jina lake lilikuwamo, kwa penseli. Upande wa kulia nilikuwa nimeandika: “mtoto tu, mpite.”

Nililifuta, nikaandika alikookotwa na jina la aliyemwokota. Kisha nikarudi kusoma, kwa kuwa zilikuwa zimebaki kurasa nyingi, na zile chache za mwisho kabisa zilikuwa ni za Rigney mwenyewe, alizoziandika kabla hajafa.