Haiba na ustahimilivu wa watu wazima

Ustahimilivu, katika saikolojia, ni uwezo wa mtu kupatwa na msiba, maradhi au dhiki nyingine asivunjike, au akayumba kisha akarudi upesi katika hali yake. Kwa kuwa pigo lilelile humwangusha mmoja na kumwacha mwenzake wima, watafiti wameitafuta sababu katika haiba, yaani namna ya kuhisi, kufikiri na kutenda ambayo mtu huwa nayo miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 1979 Suzanne Kobasa alichapisha utafiti juu ya mameneja wa kampuni ya simu huko Chicago, Marekani. Aliwalinganisha walioandamwa na misukosuko wakaugua, na walioandamwa vilevile wasiugue. Hawa wa pili walijitosa kwa moyo katika shughuli zao, waliamini wana usemi juu ya yanayowapata, na mabadiliko hawakuyaona kuwa balaa. Ila wote walikuwa wanaume wenye vyeo. Mtu asiwafanye kipimo cha binadamu wote.

Siku hizi hutumika zaidi mgawanyo wa haiba katika pande tano. Mwaka 2018 Atsushi Oshio na wenzake walijumlisha tafiti 30 zenye washiriki zaidi ya 15,000. Wepesi wa kuingiwa na wasiwasi na huzuni ulikwenda kinyume na ustahimilivu (uwiano wa -0.46), uchangamfu na bidii yenye nidhamu vilikwenda pamoja nao (0.42 kila kimoja). Upenzi wa mambo mapya na upole kwa watu vilifuata nyuma yao. Uwiano wa -0.46 maana yake ni kwamba tofauti za wasiwasi huendana na takriban moja ya tano tu ya tofauti za ustahimilivu.

Hata hiyo moja ya tano ina walakini. Dodoso la haiba humwuliza mtu kama hufadhaika upesi. La ustahimilivu humwuliza kama hutulia mambo yanapoharibika. Ni kama swali moja lililogeuzwa, na mjibuji ni yuleyule.

Tena haiba haifanyi kazi peke yake. George Bonanno na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2007 juu ya wakazi wa New York baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, waliona ustahimilivu ukifungamana pia na umri, jinsia, elimu, kupungua kwa kipato, maradhi sugu na kuwa na watu wa kumshika mtu mkono.