Usemi wa viongozi na maoni ya raia nchini Burundi

Usemi wa kiongozi ni jinsi anavyochagua lugha, sauti, mifano na hata kimya anapozungumza na umma. Nchini Burundi usemi ni sehemu kubwa ya kipimo cha mtawala, kwa kuwa utamaduni wa Warundi umeihesabu sanaa ya kusema kuwa alama ya akili na malezi mema. Kipimo hicho huonekana hadharani Kigobe, mtaa wa Bujumbura lilipo jumba la Baraza la Taifa. Huko ndiko maneno ya viongozi hukutana na kura za wabunge.

Mizizi

Wazee waamuzi wa vilimani, bashingantahe, wamepata jina kutokana na intahe, fimbo inayogongwa chini wakati wa kuamua kesi. Mshingantahe husikiliza pande zote mbili bila pupa, hushauriana na wenzake pembeni, kisha hukumu hutamkwa kwa utulivu huku fimbo ikigonga ardhi. Anayefoka hupoteza heshima hata akiwa na haki.

Mwanaanthropolojia wa Marekani Ethel Albert, aliyefanya utafiti Burundi katika miaka ya 1950 na kuchapisha makala yake mwaka 1964, alieleza kwamba watoto wa kiume wa tabaka la juu walifundishwa kusema tangu wakiwa na umri wa miaka kumi hivi: kutunga sifa, kuomba zawadi, kujitetea mbele ya mkubwa. Katika mazungumzo wakubwa walitangulia, wadogo wakafuata. Mkulima aliyejua kusema vizuri alilazimika kubabaika mbele ya mtawala, ili asionekane kumzidi. Kwa hiyo usemi haukuonyesha kipaji peke yake. Ulionyesha pia nani ana haki ya kusikilizwa.

Enzi za uhuru

Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuvuka mpaka huo wa nani asikilizwe. Alijenga ushirika na wafanyabiashara Waswahili wa mjini Usumbura, jina la Bujumbura wakati huo, nao wakawa nguzo ya chama chake cha UPRONA. Katika uchaguzi wa Septemba 1961 chama hicho kilipata viti 58 kati ya 64. Baada ya ushindi aliwaambia raia kwamba watawahukumu viongozi wao kwa vitendo. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na ahadi hiyo ikabaki kuwa rungu mikononi mwa raia.

Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1993 Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU alinadi "Burundi mpya", kauli fupi iliyobebwa kwa urahisi kutoka mdomo hadi mdomo. Alimshinda Rais Pierre Buyoya kwa karibu asilimia 65 ya kura, lakini aliuawa Oktoba mwaka huohuo.

Mahubiri na uwanja wa mpira

Pierre Nkurunziza, mwalimu wa michezo aliyetawala kuanzia 2005 hadi 2020, alizungumza kama mhubiri. Alitumia Kirundi cha vilimani, akaongoza mikesha ya maombi, akacheza mpira na timu yake ya Haleluya FC, na kushika jembe pamoja na wanakijiji katika kazi za pamoja. Vijijini wengi walimwona mwenzao. Katika mitaa ya Bujumbura iliyoandamana mwaka 2015 kupinga muhula wake wa tatu, mahubiri hayohayo yalisikika kama pazia la kufunika tamaa ya madaraka.

Kigobe palikuwa pameshaonya. Tarehe 21 Machi 2014 muswada wa kubadili katiba, ambao ungemfungulia njia ya muhula huo, ulipata kura 84, wakati 85 zilihitajika. Kura moja tu ilizuia kile ambacho umaarufu wa vilimani haukuweza kukipitisha.

Mazungumzo marefu

Évariste Ndayishimiye, aliyeapishwa kuwa rais Juni 2020, hupenda kuzungumza bila kusoma karatasi, kwa methali, visa na maswali. Kaulimbiu yake kwamba kila mdomo upate chakula na kila mfuko upate fedha inaeleweka na mkulima na mchuuzi bila tafsiri. Ndiyo maana pia inauma: yule anayepanga foleni ya mafuta hukumbushwa ahadi hiyo kila siku.

Maneno yake husomwa pia kama ishara. Mwanzoni mwa Septemba 2022 alionya juu ya watu wanaojiona wana nguvu na wanaopanga mapinduzi. Tarehe 7 mwezi huo Waziri Mkuu Alain-Guillaume Bunyoni akaondolewa, na wabunge wakamwidhinisha Gervais Ndirakobuca kushika nafasi yake. Mwishoni mwa 2023, huko Cankuzo, Ndayishimiye alisema mashoga wanastahili kupigwa mawe, na Marekani ikaeleza kusikitishwa kwake. Kauli ya kiongozi mkuu inayohalalisha kumdhuru raia ni hatari, hata inapopigiwa makofi.

Tathmini

Usemi mzuri humfungulia kiongozi mlango wa imani, lakini haumlipii kodi ya kukaa ndani. Katika Burundi ulimi umejenga mapenzi ya haraka, na maisha ya kila siku yakayapunguza au kuyathibitisha. Kipimo alichokiacha Rwagasore mwaka 1961 bado ndicho cha haki: kiongozi asikilizwe kwa makini, kisha ahukumiwe kwa vitendo vyake.