Urejelezaji wa taka katika mwambao wa Kyela

Urejelezaji wa taka katika mwambao wa Kyela ni kazi ya kuzirudisha katika matumizi taka za nyumbani, shambani na sokoni katika wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, kuanzia mpaka wa Kasumulu hadi vijiji vya Matema na Ikombe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haina ofisi wala bango la mradi. Inafanywa na akina mama nyuma ya jiko, mafundi bati, wachoma matofali na wanunuzi wa chuma chakavu wanaotembea na mizani.

Mito na ziwa

Kyela ni bonde tambarare chini ya safu za Rungwe na Livingstone. Mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na masika yanapokolea mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, ikapita kwenye mashamba ya mpunga na nyua za watu kabla ya kufika ziwani. Kwa hiyo jalala la nyumba iliyo mbali na ufukwe nalo ni jalala la ziwa. Linasubiri Aprili tu.

Kinachoingia ziwani hakitoki upesi. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi na mlango mmoja wa kutokea, Mto Shire, ulio kusini kabisa, zaidi ya kilomita 500 kutoka bandari ya Itungi iliyo Kyela. Maji mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua, na mvuke haubebi plastiki. Chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni wala hayachanganyiki kwa urahisi na ya juu, na kilichozama huko kimezama. Plastiki inayoelea hukatikakatika kwa jua na mawimbi hadi ikawa chembe ambazo samaki humeza. Samaki aitwaye mbasa ana taabu zaidi, kwa kuwa hupanda mitoni kutaga mayai, na midomo ya mito anayopitia ndiyo hiyo hiyo inayoshusha taka.

Taka za zamani na taka za sasa

Msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyefika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alivisifu vijiji vya Wanyakyusa, wenyeji wa bonde hili, kwa viwanja vyao vya wazi katikati ya migomba, visivyo na magugu wala uchafu. Sifa hiyo hupenda kutumiwa kuwasuta watu wa leo, na si haki kabisa. Taka za wakati ule zilikuwa majani, majivu, mifupa na maganda, na zote zilikuwa chakula cha mgomba. Hata chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe ambao kazi yao bado huuzwa katika soko la Lyulilo karibu na Matema, kikivunjika ni udongo uliochomwa tu. Anayefagia ua leo hukusanya pia vifuko vya sabuni, betri za tochi na pampasi, vitu ambavyo mgomba hauli.

Sheria imepunguza sehemu ya mzigo huo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na anayekutwa akiitumia anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000. Vifungashio vya viwandani na chupa za vinywaji havikuguswa na katazo hilo.

Kinachorudi na kisichorudi

Mpango wa urejelezaji uliofanikiwa kuliko wote Kyela ni wa zamani, na wengi hawauhesabu kuwa urejelezaji: kreti la soda na bia. Chupa tupu ya kioo ina dhamana, hivyo haitupwi, na lori lililoleta vinywaji huondoka na chupa tupu. Chuma, shaba na alumini navyo vina mnunuzi: bati kuukuu huwa jiko la mkaa, sufuria iliyotoboka huyeyushwa ikawa sufuria nyingine. Dumu la lita 20 huhamia kwenye mawese, kisha kwenye maji, na likipasuka hukatwa likawa kitalu cha miche. Pumba za mpunga huchoma matofali. Maganda ya kakao hufaa kwa mboji, ila yasirundikwe chini ya mikakao yakiwa mabichi, kwa maana hutunza vimelea vinavyoozesha matunda ya msimu unaofuata.

Chupa ya maji ya plastiki haina bahati hiyo. Kilo moja huhitaji chupa hamsini hadi mia, na Dar es Salaam, kwenye viwanda vya kusaga plastiki, ni zaidi ya kilomita 900. Lori la chupa zisizobonyezwa husafirisha hewa. Mnunuzi huweza kulipa tu akipata chupa nyingi, kavu na safi, na sharti hilo hutimizwa au huvunjwa nyumbani, si damponi. Chupa iliyolala siku moja ndani ya ndoo moja na maganda ya ndizi na vichwa vya dagaa imeshapoteza bei yake.

Kazi ya kaya

Jambo linalozidi mengine yote, basi, ni kutenganisha taka mbichi na kavu pale pale jikoni. Taka kavu zinahitaji gunia moja lililoning'inizwa mahali pakavu, chupa zikiwa zimebonyezwa. Kaya moja hujaza gunia polepole mno kumvutia mnunuzi. Nyumba kumi zikikubaliana pa kukusanyia, ana sababu ya kupita.

Taka mbichi hurudi shambani. Vitabu vingi vya kilimo hushauri shimo la mboji, lakini Kyela maji ya ardhini yako karibu, na masika shimo hugeuka dimbwi. Afadhali rundo juu ya ardhi, lililozungushiwa fito na kufunikwa majani ya mgomba. Mwambao huu umeshapata milipuko ya kipindupindu, hivyo pampasi zenye kinyesi haziingii kwenye rundo hilo, wala hazitupwi mtoni.

Kuchoma plastiki uani ndiyo njia iliyozoeleka, na ndiyo mbaya zaidi. Moto wa jalala haufikii joto la kuiunguza kabisa, moshi wake una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliyetumwa kuwasha moto. Nyavu za nailoni zilizochakaa zisichomwe wala kuachwa majini, ambako huendelea kunasa samaki bila mwenyewe. Hufaa vizuri tu kuzungushia bustani na mabanda ya kuku. Betri kubwa za risasi zina mnunuzi na ziuzwe zikiwa nzima, bila kumwaga tindikali. Betri ndogo za tochi kwa kawaida hazina anayezitaka; huwekwa ndani ya kopo lenye mfuniko, darini, pasipofikiwa na mafuriko.