Barua kwa Watu wa Clark

Hebu fikiria, ndugu msomaji: umekaa kwako, London hujui mtu, mara unaletewa barua kutoka Uingereza. Aliyeandika humfahamu. Anakuomba, tena kwa heshima zote, usimpigie kura rais wako. Ungejisikiaje?

Hayo yaliwapata watu wa wilaya ya Clark, jimbo la Ohio, Oktoba 2004. Gazeti la The Guardian lilinunua orodha ya wapiga kura wa huko kwa dola 25, likawa linampa kila msomaji wake aliyetaka jina moja, amwandikie mtu huyo. Walioomba majina walizidi 11,000!

Clark haikuokotwa tu. Mwaka 2000 Al Gore alimshinda George W. Bush pale kwa kura 324. Na si unajua, Marekani rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Majimbo yana wajumbe, jumla 538, na mwenye kufikisha 270 ndiye mshindi. Mwaka huohuo Gore alipata kura nyingi kuliko Bush nchini kote, lakini Florida ikamponyoka kwa kura 537 na Ikulu akaikosa. Watu wengi wa Ulaya hesabu hiyo haiwaingii akilini.

Mimi ninayehangaika kuandika riwaya, kilichonivuta ni majina ya waandishi. John le Carré, bingwa wa hadithi za ujasusi, naye alitoa barua yake. Kumbe hata kalamu kama ile huenda ikagonga mwamba!

Uchungu wao lakini ulikuwa wa kweli. Vita vya Iraki vilianza 2003, na askari wa Uingereza walikuwa wanakufa kule. Amri inatoka Washington, jeneza linashuka Uingereza, na mama wa marehemu hana kura Ohio. Kwa hilo siwacheki hata kidogo.

Ninachokicheka ni ile sauti. Mtu mwenye shida haingii kwa watu akaanza kumfundisha mwenye nyumba namna ya kuishi. Majibu yakaja yanawaka moto, mengine yakikumbusha kwamba mababu walipigana na mfalme wa Uingereza ili mambo yao yasiamuliwe London. Gazeti likausimamisha mpango kabla ya siku ya kura.

Tabia hii ya kuupima uchaguzi wa Marekani kutoka mbali ni ya zamani. Mfaransa Alexis de Tocqueville alizunguka nchi ile kuanzia Mei 1831 hadi Februari 1832, kisha akaandika kitabu kinachosomwa mpaka leo, akieleza uchaguzi wa rais kama homa inayolishika taifa zima. Uchaguzi wenyewe ulifanyika mwishoni mwa 1832, bwana mkubwa keshapanda meli! Hata hivyo aliona kwamba homa ile hushuka, na wenyewe wakaendelea na maisha yao.

Tarehe 2 Novemba 2004 kura zikapigwa. Ohio na wajumbe wake 20 ndiyo iliyoamua, na Clark, iliyokuwa ya Gore, safari hii ikaenda kwa Bush. Siku mbili baadaye gazeti la Daily Mirror la London likauliza ukurasa wa mbele inakuwaje watu 59,054,087 wawe wajinga kiasi hicho. Yaani walihesabu mpaka yule wa mwisho.