Mjumbe Hauawi

Nilipokuwa kijana nilikuwa mkimbiaji, na nilikuwa na desturi moja mbaya. Asubuhi ya mashindano nilimeza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, hata kabla goti halijaanza kuuma. Siku moja ya jua kali nilimaliza mbio, nikaenda haja ndogo, nikaona mkojo mweusi kama chai ya rangi. Mganga wa zahanati aliniuliza swali moja tu: "Umemeza nini?" Tangu siku hiyo nimefuatilia historia ya vidonge hivyo.

Asili yake ni mti. Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba alikausha gome la mierebi, miti iotayo kando ya vijito, akalisaga na kuwapa wagonjwa wa homa wapatao 50, nao wakapata nafuu. Kutokana na ujuzi wa gome hilo, kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza aspirini mwaka 1899. Ikafuata ibuprofeni, iliyotengenezwa na Stewart Adams na wenzake mjini Nottingham na kuanza kuuzwa mwaka 1969. Kuanzia 1983 Waingereza waliinunua bila cheti cha daktari, na mkimbiaji akaweza kuitia mfukoni.

Kumbe kwa miaka 70 na zaidi watu walimeza aspirini bila kujua inavyofanya kazi! Mwaka 1971 John Vane wa London alieleza kwamba dawa hizi huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hizo ndizo ziletazo uvimbe na maumivu. Lakini hizo hizo hulinda utando wa tumbo, na huifungua mishipa ipelekayo damu kwenye figo. Mkimbiaji anapotoka jasho, damu yake imekwenda miguuni na figo zimepungukiwa. Akimeza kidonge saa hiyo, anamfukuza mlinzi wakati mwizi yuko mlangoni.

Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio kwa wakimbiaji 89 wa mbio za kilomita 80. Kati ya waliomeza ibuprofeni, asilimia 52 walionyesha dalili za figo kuumia. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa asilimia 34. Watu walikuwa wachache, lakini onyo limetolewa.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, ila haina haraka. Mwaka 2010 watafiti wa Georgia, Marekani, waliwapa watu gramu mbili za tangawizi kila siku kwa siku 11, na maumivu ya misuli baada ya mazoezi yakapungua kwa kiasi cha robo. Pamoja na hayo, kuna maji baridi, chakula kizuri, usingizi na mapumziko. Wala tusidanganyike kwamba kila cha asili ni salama: gome la mierebi nalo ni la asili, na ndilo lililotuzalia aspirini.

Simwambii mgonjwa aliyeandikiwa na daktari aache dawa yake. La hasha. Nasema na kijana anayemeza kidonge ili goti linyamaze apate kukimbia. Maumivu ni mjumbe aliyetumwa na mwili, na wahenga walisema mjumbe hauawi. Msikilize kwanza.