Bakuli la bibi na mashimo ya Tongoni



Bi harusi, kabla hujayatoa mabakuli ya bibi kabatini ili seti mpya ipate nafasi, nisikilize kidogo.

Ukitoka hapa Mabawa ukashika njia ya Pangani, utafika Tongoni. Pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi ya karne ya 14 na 15. Baadhi yana nguzo za mawe, na kwenye nguzo hizo wazee wetu walipachika mabakuli ya kauri kutoka China. Leo mabakuli hayapo. Yamebaki mashimo ya mviringo.

Majumbani nako yalipendwa. Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijaa vidaka vya kupangia vyombo kama hivyo. Karne ya 19 yakaingia mabakuli ya Uholanzi yenye maua, kutoka kiwanda cha Petrus Regout mjini Maastricht. La bibi huenda ni mojawapo: ligeuze, utazame mhuri chini.

Lioshe kwa mkono, lipange juu watoto wasifikie, na uandike mahali jina la aliyekuachia. Si kwa kujionyesha, maana fahari haina baraka. Ila yale mashimo ya Tongoni hayatuambii bakuli lilikuwa la nani. Lako liwe na mwenyewe. Na kila ukilipangusa, muombee bibi dua.