Kuihoji Mashine Isiyokuwepo: Usanidi wa Programu Huria na Hitilafu Zake Tangu 1991

Mwaka 1991 David MacKenzie alianza kuunda Autoconf, zana ya mradi wa GNU inayozalisha skripti ya usanidi. Mifumo jamii ya Unix ilikuwa mingi, na kila mmoja ulikuwa na tabia zake. Badala ya kutegemea orodha ya mifumo hiyo, skripti iliandika programu ndogo za majaribio, ikazikompaili, na baadhi yake ikaziendesha ili kuona matokeo. Mbinu hiyo ilikuwa na dhana iliyojificha ndani yake: kwamba mashine inayojenga programu inaweza pia kuiendesha.

Dhana hiyo huvunjika pale kompyuta yenye kichakataji cha x86 inapojenga programu ya kifaa chenye kichakataji cha ARM. Hadi toleo la 2.13 la mwaka 1999, skripti ilitambua hali hiyo kwa kujaribu kuendesha programu moja ndogo. Ikishindikana, ilihitimisha kuwa mashine ni tofauti. Kipimo hicho kilikuwa dhaifu, kwani hata kukosekana kwa maktaba moja kuliweza kutoa ishara ileile. Toleo la 2.50 la mwaka 2001 lilisisitiza kuwa mtumiaji mwenyewe ataje mashine ya kujengea na ya kuendeshea.

Hata hivyo, kutaja mashine hakukutosha kupata majibu yake. Mfano unaofahamika sana ni wa malloc. Skripti huuliza iwapo malloc, ikiombwa baiti 0, hurudisha kielekezi kisicho tupu. Kiwango cha lugha ya C kinaruhusu majibu yote mawili. Jaribio lisipoweza kuendeshwa, Autoconf ilichukua jibu baya zaidi na kubadili kila mwito wa malloc kuwa rpl_malloc, ikitarajia mradi uwe na mbadala wenye jina hilo. Mradi usio na mbadala huo ulikwama katika hatua ya kuunganisha, kwa kosa lenye jina ambalo mwandishi wa programu hakuliandika popote. Ni vigumu kumlaumu aliyelitafuta kwenye msimbo wake na kulikosa.

Tiba iliyozoeleka ni kuweka ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes kabla ya usanidi. Ujenzi hukamilika, lakini swali halijajibiwa, limenyamazishwa. Ikiwa maktaba ya kifaa hurudisha kielekezi tupu, programu inayokichukulia kuwa dalili ya kuishiwa kumbukumbu itasimama ikiwa tayari mikononi mwa mtumiaji.

Baadhi ya maswali yalipatiwa njia bora zaidi. Ukubwa wa aina za data hutafutwa kwa kukompaili safu ambayo urefu wake huwa hasi pale kisio linapokosea. Kompaila huikataa, na jibu hupatikana bila kuendesha chochote. Maswali yasiyojibika hivyo huandikiwa majibu mapema katika faili ya config.site, na faili hiyo haimlazimishi anayeandika kueleza alilithibitisha jibu lake kwenye mashine ipi.